Dakika za Katapila

Baridi ilikuwa nyuzi ishirini chini ya sifuri, na wazee watatu walishakaa kwenye benchi lao la dirishani, katika kituo cha mafuta cha njia panda, birika la kahawa katikati yao. Sheria ya benchi ni moja: anayemaliza birika ndiye anayekwenda kupika jingine. Asubuhi hiyo kando ya birika palikuwa na barua. Klabu yao ya magongo ya barafuni ilikuwa imefungwa mechi sita mfululizo, na wanachama wazee watatu wakitia sahihi, kocha anaondoka. Kocha mwenyewe ni Ilpo Rautasalmi, wanayemwita Katapila, aliyecheza mbele miaka kumi na minane akiwabandika watu ukutani kama mabango. Sahihi mbili zilishapatikana. Ya tatu ilikuwa ya Tauno, waliyemwita Bawabu, maana miaka yote hiyo kazi yake ilikuwa kufungua na kufunga mlango wa kizimba cha adhabu, wanamokaa kwa dakika kadhaa wachezaji waliotolewa kwa rafu. Alfajiri Tauno alikuwa ameomba asitiwe majaribuni, na sasa jaribu limemjia na kalamu yake.

— Tia sahihi, Bawabu, — alisema Msumari, seremala mstaafu. — Juzi kijana wetu kamwangusha mtu, halafu kampa mkono kamwinua. Kafundishwa na nani, kama si Katapila? Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi, na mpinzani mgonge angali wima.

— Walisema nusu yake, — Profesa akamkosoa. Huyu alikuwa dereva wa basi la shule, ila magazeti yote aliyamaliza yeye. — Mimi nasema kilichompoza ni meno. Kang'olewa manane uwanjani. Kiumbe bila meno hasira humwisha. Angalia mbwa.

— Mbwa wangu hana hata moja, na tarishi hapiti kwangu.

— Basi ni sauna. Kila jioni anajifungia humo na mchungaji. Mvuke umemlainisha.

— Acha hizo. Katapila wetu alishinda kizimbani kwa rafu; huyu siye. Alipokwenda kucheza ugenini walibaki naye, wakaturudishia pacha.

— Hana pacha, bwana.

— Ndipo ujue walivyojiandaa.

Tauno alicheka ndani ya kikombe, lakini moyo ulimuuma.

Mama mmoja, dereva wa lori la magogo, alikuwa amekaa mwisho wa benchi akisubiri tangi lijae.

— Samahani, wazee wangu. Mchezo huo siujui. Huyo bwana alikaa kizimbani muda gani?

— Dakika elfu mbili na ushee, — Profesa akajibu, kifua mbele.

— Dakika zote hizo alikuwa anafanya nini humo?

Wenzake wote wawili wakamgeukia Tauno.

— Alikuwa anauliza, — Tauno akasema.

— Anauliza nini?

— "Yule kainuka?" Hakai mpaka nimjibu. Siku ile beki wa kule pwani alipobebwa kwa machela, Katapila alitapika kwenye ndoo. Nikamfunika kwa taulo watu wasione.

— Bawabu, ulituambia alikuwa anacheka.

— Mlipenda kusikia hivyo. Mlinimiminia kahawa. Nilikuwa natoka kanisani Jumapili, nakuja moja kwa moja hapa kudanganya. Mungu anisamehe, na Ilpo pia.

— Kwa hiyo hakubadilika, — Profesa alisema polepole.

— Alikuwa huyu huyu. Mimi ndiye niliyewauzia yule mwingine.

Akaiweka kalamu chini. Akamimina kahawa iliyobaki kwenye kikombe cha yule mama, akainuka na birika tupu. Hakuna aliyemkumbusha barua.

Alikuwa kwenye mashine, anapima kahawa kwa kijiko, aliposikia karatasi inakunjwa nyuma yake, mara moja, mara mbili, mara ya tatu.

— Bawabu, — Msumari akaita, sauti chini. — Yule beki wa pwani. Kainuka?

— Kainuka, — Tauno akajibu, akaongeza kijiko kimoja.