Hadithi ya Kuuzia Rupia

Kijiwe chetu kiko nyuma ya lililokuwa duka la ushirika, hapa Sumbawanga mjini, mahali ambapo ukuta unakinga upepo. Upepo wa Ufipa mwezi wa Juni hauna adabu, kwa hiyo aliyewahi upande wa ukuta hasogei hata akiitwa na mkewe. Kahawa ni ya mzee Mwinjuma, chungu, yenye tangawizi nyingi, na maneno ni ya kila mtu. Tangu kila kitu kiwe ruksa tumebishana hapa juu ya mitumba, vyama vingi na watu waliotajirika bila kulima. Lakini siku ile tulibishana juu ya rupia moja ya Mjerumani, na mimi natamani tungebishana mpira.

Rupia yenyewe ilikuwa ya mama yake Gaudensi, fundi baiskeli tunayemwita Spoki. Mama alikuwa amelazwa, na daktari alishasema wazi kwamba hapa wamefika mwisho wa uwezo wao, apelekwe Mbeya upesi. Uwezo wa kumpeleka haukuwepo. Basi mama mwenyewe akafungua pindo la kanga, akatoa ile rupia ya fedha yenye kichwa cha mfalme aliyevaa kofia ya tai, akamwambia mwanawe, "Kauze." Kheri, kijana mwenye chumba cha kompyuta karibu na stendi, akaipiga picha akaiweka kwenye intaneti. Kijiweni tunamwita Mtandao. Wiki nzima ikapita bila mteja.

Mchana huo Spoki alikuwa anasubiri saa ya kuona wagonjwa. Dada yake, Hellena, ndiye aliyekuwa anamuuguza mama wodini.

— Tatizo ni moja tu, kaka Spoki, — Mtandao akasema. — Rupia yako imekwenda uchi. Wenzako wanaziuza na hadithi. Kuna mshikaji kule anasema yake aliikuta tumboni mwa samaki. Imegombaniwa!

— Mbona yangu ina hadithi? Babu alibeba mizigo mpaka boma la Kasanga, akalipwa.

— Huo ni mshahara, siyo hadithi. Nani anunue mshahara wa babu yako?

Hapo Wilibrodi akakohoa. Huyu ni dereva mstaafu wa malori, jina lake la kijiweni Gia Tano, na kwenye uongo hajawahi kurudi gia ya chini.

— Andika hivi, kijana. Mjerumani alipokimbia vita alizamisha masanduku ya rupia ziwani, pale Wampembe. Aliyepiga kasia ni babu yake Spoki.

— Babu hakujua hata kuogelea, — Spoki akasema.

— Ndiyo uzuri wake! Mtumbwi ulipinduka, masanduku yakazama, babu akaelea kwa sababu alikuwa ameshika hii rupia.

— Rupia inaelea?

— Mjerumani alikuwa fundi, bwana! Asiyejua maana haambiwi maana.

Mboje hakukubali kupitwa. Yeye ni mfugaji aliyehamia huku na ng'ombe wake kutoka Usukumani, nasi tukambatiza Zizi.

— Masanduku mnayaonea bure. Hizi rupia zinaitana. Kwetu kulikuwa na mzee, yake akiiweka kwenye ungo inajigeuza yenyewe, inaelekea wenzake walikofukiwa. Andika kwamba inaonyesha hazina.

— Na huyo mzee mbona alikufa maskini? — nikamuuliza.

— Ungo wake ulikuwa mbovu.

Tukacheka, isipokuwa Spoki. Alikuwa anakizungusha kikombe bila kunywa, macho yakiwa kwenye barabara ya kwenda hospitali.

— Sasa sikilizeni habari ya kweli, — Mtandao akasema, akatoa karatasi na kalamu. — Jana usiku mtu mmoja wa Ujerumani kaniandikia. Anauliza, mwenye rupia yuko wapi?

— Si umwambie yuko wodini?

— Hapo ndipo penye kazi, kaka. Mzungu hanunui cha mtu aliye hai, anaogopa kimeibwa. Cha marehemu ni urithi. Hicho ni safi, halafu kinamtoa machozi.

Spoki akaacha kuzungusha kikombe.

— Unataka kusema nini, Kheri? — Spoki akauliza, na kumwita kwa jina lake halisi kulitosha kutuambia hali yake.

— Nataka tuseme mama amefariki. Kwenye kompyuta tu, kaka!

Mzee Mwinjuma akaweka birika chini.

— Huo ni uchuro. Mtu anapumua, nyie mnamzika kwa mdomo?

— Mzee wangu, nakuheshimu, lakini hii ni biashara.

— Hata mimi nafanya biashara. Sijamuua mtu nikauza kahawa.

— Mzee, njia ya mwongo ni fupi, — Gia Tano akadakia. — Ndiyo maana watu wanaipita, wanawahi kufika. Mbeya ni mbali, jamani.

— Na lisemwalo lipo, — Zizi akaunga mkono.

— Malizia, — mzee Mwinjuma akamwambia.

— Imetosha hapo hapo.

Spoki akafuta uso kwa kiganja chenye grisi.

— Tukiandika hivyo, atanunua?

— Leo leo.

— Na mama nitampeleka?

— Na basi la kwanza.

— Basi andika. Mungu anajua namtafutia uzima.

Roho iliniuma. Mama yule namfahamu, ni mtu wa kukukaribisha ugali wa ulezi kabla hujamaliza kubisha hodi, na sasa mwanawe alikuwa anamuua ili apone. Lakini ungemwambia nini mtu aliyefika pale? Ushauri tulikuwa nao mwingi, msaada hatukuwa nao.

Wakaanza kutunga. Zizi alitaka rupia iwe inalia kila mwenye nayo anapokaribia kufa. Gia Tano akataka mama awe binti wa siri wa kapteni wa Kijerumani, Mtandao akakataa kwa sababu mteja ataomba picha. Mzee Mwinjuma aligoma kabisa kuwaongezea kahawa. Kengele ya kuona wagonjwa ikasikika, Spoki akasimama.

— Nawahi wodini.

— Subiri kidogo, kaka, — Mtandao akamvuta shati. — Bado maneno ya mwisho ya mama. Hayo ndiyo yanauza. Wewe ni mwanawe, lazima uyasikie uyakubali.

Spoki akaangalia barabara, akaangalia karatasi, akakaa.

Mtandao akaandika, akafuta, akaandika tena. Hatimaye akaipa barabara mgongo na kusoma kwa sauti ya padri:

— "Rupia hii ni ya mwisho kati ya zilizookolewa ziwani. Alipokaribia kukata roho, mama alimwita mwanawe, akamshika mkono, akamwambia..."

Sisi tuliokaa ukutani tulimwona Hellena kabla yake. Alikuwa amesimama nyuma ya Mtandao, chupa ya uji mkono huu, blanketi la mama limekunjwa mkono ule. Macho yalikuwa mekundu. Hakutusalimia.

— Kumbe habari imeshafika, — akasema taratibu. — Nani kawaambia?

Mtandao akageuka. Karatasi ikabaki hewani.

— Nimetoka wodini sasa hivi, — Hellena akaendelea. — Njiani sikukutana na mtu. Nani kawaambia, kaka?

Gia Tano akavua kofia. Mimi nikaona aibu kuwa na masikio.

— Ila hapo kidogo mmekosea, — Hellena akasema, akiionyesha karatasi kwa kidevu. — Mkono alinishika mimi. Wewe, kaka, alikuita kweli, tena na tena. Nikamwambia, mama vumilia, kengele imeshalia, Gaudensi yuko njiani anakuja.

Spoki akateleza kutoka kwenye benchi mpaka chini, akaegemea ukuta, akajifunika uso. Mzee Mwinjuma akamwaga kahawa yote iliyobaki juu ya makaa. Kijiwe kizima, watu wasiowahi kukosa la kusema, tuliinamia miguu yetu.

— Mbona hamnijibu? — Hellena akauliza. — Nani kawaambia?