Hakujiuzulu: Safari ya Mwalimu Lemuel Broadnax

Mchungaji, ndugu wafiwa, majirani na walimu wenzake mliofika, familia imenituma mimi, mpwa wake, niwasomee safari ya mpendwa wetu Mwalimu Lemuel Broadnax, na mkisikia sauti yangu ina hasira mniwie radhi, ni kweli inayo.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Machi 1947 hapa hapa kaunti ya Ocolee, Georgia, mtoto wa tatu wa mzee Amos na mama Lottie, akasoma shule ya watu weusi kwa vitabu vilivyochakaa mikononi mwa watoto wa kizungu, kisha chuo huko Augusta alikohitimu Juni 1969, na tangu Septemba mwaka huo hadi alipostaafu Mei 2009 alifundisha historia na uraia katika sekondari yetu, ambako wengi mliomo humu aliwapa sifuri, na mlistahili. Tarehe 18 Julai 1971 alifunga ndoa na Odessa Pinkard, wakajaliwa watoto wawili, Renita na Lamar, na mama Odessa alimtangulia Oktoba 2012.

Ukutani mwa mahakama yetu lipo bamba la shaba linalosema kwamba Cato Broadnax, baba wa babu yake, aliyechaguliwa kuingia Bunge la Georgia mwaka 1868, "alijiuzulu kwa hiari yake." Marehemu hakuliamini hata siku moja, hivyo kila Jumanne alikaa kwenye kompyuta ya maktaba, akipekua hazina za mtandaoni zenye sheria za zamani, hukumu na kumbukumbu za vikao, akiandika jina la Cato pamoja na neno kujiuzulu, na kila mara akitoka mikono mitupu, mpaka Renita, aliyempelekea chakula, alipochungulia kioo akasema, "Baba na wewe! Unatafuta kitu ambacho hakikutokea. Tafuta walichomfanya!" Marehemu akacheka, "Miaka yote nafundisha, leo nafundishwa na huyu aliyekuwa akisinzia darasani," akaandika kufukuzwa, na ukurasa ukafunguka: Cato alitolewa bungeni kwa kura, Septemba 1868, pamoja na wenzake weusi, kwa hoja kwamba sheria ilimpa mtu mweusi haki ya kupiga kura, haikumpa haki ya kukalia kiti.

Machi 2016 alizipeleka kurasa hizo kwa makamishna wa kaunti, nao wakampa nafasi katika kamati ya historia, kumbe ya kumfunga mdomo, maana kila alipouliza habari za bamba mwenyekiti wao, Bwana Doyle Stancil, alimjibu, "Mwalimu, ya kale hayo, tutayaangalia kikao kijacho," hadi tarehe 6 Juni 2023 walipomwondoa kwa kura nne dhidi ya moja, mwenyewe akiwa amekaa mbele yao, akaomba jambo moja tu: "Basi andikeni kwamba mmenipigia kura. Msije mkasema niliondoka."

Agosti mwaka huo figo zilianza kumsumbua, akawa anasafishwa damu huko Augusta, na alfajiri ya tarehe 9 Februari 2024 alifariki, Renita na Lamar wakiwa wamemshika mikono.

Mnajua desturi yetu, kaunti huleta azimio la rambirambi likasomwa kanisani. Limeletwa jana, lina muhuri na utepe wa dhahabu, na linasema Mwalimu Broadnax "alijiuzulu kutoka kamati ya historia kwa hiari yake." Hawana haya! Familia imekataa lisomwe. Bwana Stancil, nakuona benchi la tatu, karibu, huu ni msiba na sisi hatumfukuzi mtu, lakini karatasi yako utarudi nayo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wahudumu wa maktaba waliomtunzia kiti chake kila Jumanne, majirani mliojaza jiko letu kuku na viazi vitamu, na walimu wenzake mliokesha nasi.

Mwalimu, tumeisema kweli yako kwa sauti na kanisa zima ni shahidi: Cato hakujiuzulu, nawe hukujiuzulu. Lala, upumzike kwa amani. Lile bamba tuachie sisi.