Mwendo Aliouacha Binti

Benchi lenyewe ni ubao wa kitanda kilichokwisha kuvunjika, umelazwa juu ya matofali kati ya mlango wa kinyozi na meza ya fundi saa. Hapo ndipo dunia husahihishwa kila siku kuanzia saa nne asubuhi, kahawa ikiwa bado moto. Wasahihishaji ni watatu. Yuko Wembe, kinyozi, ambaye hajawahi kuulizwa swali akakosa jibu. Yuko Upepo, fundi wa feni, ambaye kwake hakuna tatizo lisilotibika kwa hewa. Na yuko Mama Dele, mwenye kahawa, anayemimina kwa mkono huu na kuwazodoa kwa ule. Wa nne ni Sekunde, fundi saa, lakini yeye siku hizi hasahihishi kitu. Ana kidaftari kwenye mfuko wa shati, na ugonjwa wake wote umo humo.

— Jana umefika ngapi? aliuliza Wembe.

— Arobaini na moja. Saa nzima, haikuzima. Joto sabini na sita.

— Na juzi?

— Juzi niliruka mpaka arobaini na tatu. Ikaganda, ikajizima. Nikarudi chini.

— Arobaini na tatu ya nini, jamani? alisema Mama Dele. Kila siku nasikia namba kama watu wa bahati nasibu.

Sekunde akaeleza tena, kwa subira ya mtu aliyezoea kurekebisha vitu vidogo kuliko punje ya mchele. Kompyuta ina prosesa, ndiyo moyo wake. Moyo huo una mapigo yake ya kiwandani, lakini ukiingia kwenye ukurasa unaotokea kabla mashine haijaamka sawasawa, unaweza kuupandisha mwendo, namba kwa namba. Fundi wa kompyuta alimwandikia masharti kwenye karatasi, naye akayanakili kwenye kidaftari: panda hatua moja, kisha subiri. Ipe kazi nzito saa nzima, tazama joto. Likifika themanini, rudi. Umeme wa prosesa usiuguse kama hujui kipimo chake, maana ukizidisha utaiua, na mashine kama hiyo hupati nyingine.

— Sasa unaikimbiza inakwenda wapi? aliuliza Mama Dele.

Sekunde akanywa kahawa. Wembe akamjibia, ndiyo kazi yake.

— Si ile mashine ya binti yake! Binti aliiunganisha mwenyewe, kipande kwa kipande, akaipandisha mwendo mwenyewe. Ilikuwa inaruka. Kisha huyu bwana mkubwa akaifungua kupuliza vumbi, akakuta mle ndani kibetri bapa, sawasawa na cha saa. Unadhani alikiacha?

— Kilikuwa kimechoka, alisema Sekunde. Nilikipima.

— Akakichomoa, akaweka kipya!

— Fundi saa hawezi kuona betri iliyochoka akafunga kifuniko.

— Na mashine ikasahau kila kitu, alimalizia Upepo.

Ndivyo ilivyokuwa. Ilipowaka iliuliza leo tarehe ngapi, kama mgonjwa aliyezinduka. Sekunde akairekebishia saa na tarehe, akajiona bingwa, akafunga. Jioni hiyo ndipo alipojua kwamba kile kibetri kilikuwa kimeshika na mambo mengine. Mwendo aliouweka binti ulikuwa umefutika, na aliyeufuta ni yeye, kwa mikono hiyo hiyo ambayo watu huiletea saa za marehemu baba zao.

— Mimi nilishasema, alianza Upepo. Ni hewa. Weka feni tatu. Moja mbele, moja nyuma, moja juu.

— Ikishindikana?

— Nne. Ikishindikana hata hapo, unaihamishia mlangoni, unafungua na dirisha, upepo upite. Ikikaidi, unaiweka ndani ya friji, unatoboa tundu la waya.

— Friji ina maji, wewe, alisema Mama Dele. Unataka kupika prosesa au kuigandisha?

— Tatizo si joto, alisema Wembe. Tatizo ni woga. Wahenga wamesema haraka haraka haina baraka. Maana yake nini? Haraka moja haitoshi! Anapanda hatua moja moja kama bibi harusi. Peleka hamsini kwa mkupuo, ishtuke, izoee.

— Itaungua, alisema Sekunde.

— Mtaka cha uvunguni sharti ainame!

— Sasa aiweke uvunguni? aliuliza Upepo, tayari kuamini.

Mama Dele hakucheka. Alikuwa anamtazama Sekunde, ambaye kidole chake kilikuwa kinapita juu ya namba za kidaftari, thelathini na sita, thelathini na saba, mpaka chini.

— Mashine imezira, alisema Mama Dele. Inamkumbuka mwenyewe.

— Haswa! Wembe alidaka. Mkono wa mgeni haiujui. Tafuta manukato ya binti, unyunyizie.

— Kuna mtandio wake, alisema Sekunde polepole. Ndio ninaofunikia kioo cha mashine.



Walichokuwa hawakijui wenzake wote ni nyumba. Ndani ya mashine binti alikuwa amemchorea baba yake nyumba, ya kutembea kwa kubonyeza vitufe: unaingia barazani, unapita ukumbini, unafika chumba cha kazi chenye dirisha upande wa mwanga na meza ya saa. Mezani kuna viti viwili. Zamani Sekunde alikuwa akiingia mpaka ndani na kusimama kati ya viti hivyo, akimkumbuka mwanawe. Sasa picha inakwama pale mlangoni, inarukaruka, inaganda. Hata kwa arobaini na moja.

— Usichoke, bwana, alisema Wembe. Endelea leo leo. Chelewa chelewa utakuta mwana si wako.

Alikuwa anaisemea mashine. Sekunde akageuza uso barabarani kama mtu aliyeingiwa na vumbi jichoni.

Hapo akaja mteja, dada mmoja mwenye sare ya muuguzi, na saa yenye mkanda mpana wa pingili za chuma mkononi.

— Shikamoo baba. Naomba unitolee pingili mbili, inacheza nikihesabu mapigo ya wagonjwa.

— Marahaba mwanangu. Kaa, si kazi ya muda mrefu.

Akakaa kwenye benchi, Mama Dele akampa kikombe, na Wembe, kwa kuwa amepata sikio jipya, akamsimulia yote: betri, hatua, joto, friji, manukato. Yule dada alisikiliza mpaka mwisho.

— Kwa hiyo kinachotafutwa ni mwendo aliouweka binti, na kipimo cha umeme?

— Hivyo viwili tu! alisema Wembe. Mwezi wa tatu huu!

— Na binti yuko hai?

— Yuko hai, ana kazi yake nzuri huko aliko.

— Sasa kwa nini baba asimuulize?

Upepo akamtazama Wembe. Wembe akatazama ndani ya kikombe chake. Mama Dele akainamisha dele la kahawa, likatoa matone mawili ya masimbi, mashapo matupu, basi.

Sekunde alikuwa na jibu, lakini halikuwa la kusemwa mbele ya mtoto wa watu. Siku binti alipokataa kurithi meza ya saa akafunga begi, yeye alisimama mlangoni akamwambia: nenda, na usinisumbue kwa simu zako. Ni miaka minne. Mtoto alimtii.

Akamvisha dada saa yake, akaitikisa kidogo. Haikucheza tena. Kisha akatoa simu, akaandika kwa kidole kimoja, akafuta, akaandika tena: *Mwanangu, ile mashine ulikuwa umeiweka ngapi? Niliiharibu mwenyewe.* Akabonyeza.

— Umefanya nini? aliuliza Wembe, kwa sauti ndogo.

Sekunde akaiweka simu juu ya kidaftari kilicho wazi, pale penye masharti ya fundi wa kompyuta.

— Nimepanda hatua moja.

Kahawa ilikuwa imekwisha, na kiti cha kunyolea kilikuwa na mtu anayesubiri. Hakuna aliyeinuka.