Kumkumbuka Zadock Hajila, Aliyebaki na Lenzi Moja

Wasikilizaji wapendwa, poleni na kazi za mchana. Kama uko shambani na redio umeitundika mahali, isogeze karibu kidogo. Leo nitasema kwa sauti ya chini. Tunamkumbuka mtu wetu.

Zadock Hajila ametutoka. Zadock, mpiga picha wa hapa Garsen, mzaliwa wa Wema. Alifariki Jumapili asubuhi nyumbani kwake, baada ya kuugua moyo. Atazikwa Jumamosi hii, Wema, ng'ambo ya mto, pale walipolazwa wazazi wake. Narudia kwa wewe uliyefungua redio sasa hivi. Zadock Hajila, mpiga picha, amefariki. Mazishi ni Jumamosi, Wema.

Wengi wenu mlimjua. Kama ukutani kwako kuna picha ya mama yako akipepeta mpunga, au ya baba yako akishona wavu na hajui kama anatazamwa, huenda Zadock ndiye aliyeipiga. Alikuja kwanza karibu, akaomba ruhusa. Akisha kuruhusiwa, alirudi nyuma, mbali kabisa, akasubiri mpaka watu wasahau kwamba yuko. Hapo ndipo alipopiga. Alisema mtu akisogezewa kamera usoni anakuwa kama kitambulisho.

Kwa kazi ya namna hiyo alihitaji lenzi ya kuvuta, ile inayochukua kitu cha mbali ikakileta karibu. Na Zadock alikuwa nazo nyingi. Alikuwa na kamera mbili, stendi ya miguu mitatu, na lenzi nne. Moja ilikuwa kubwa, ndefu kama mkono wa mtu kutoka kiwiko mpaka vidole, nzito kama mtoto mchanga. Vyote alivitia katika begi moja jeusi. Akitembea aliinama upande mmoja. Watu walilitambua begi kabla ya kumtambua yeye.

Mke wake Lois, ambaye sote tunamwita mama Lois, aliniambia hivi: "Nilikuwa namwambia, baba Valary, wewe umeoa begi. Mimi ni mgeni hapa."

Wasikilizaji wapendwa, sasa nitawaeleza habari ya begi hilo. Familia imeniruhusu. Mama Lois alisema, "Iseme yote. Yeye mwenyewe alikuwa anaisema."

Mwaka wa 2018 mto ulifurika. Mnakumbuka. Zadock alikuwa ukingo unaotazamana na kijiji cha Wema, upande wa mashamba, akipiga picha za maji. Bibi Florence naye alikuwa upande huo huo. Bibi Florence ni mkulima wa Wema, mjane. Alikuwa amevuka kwenda kuokoa mahindi yake kabla maji hayajayafikia.

Jioni Ishmael akaja na mtumbwi. Ishmael ndiye mvushaji wa pale mpaka leo. Watu wakaingia, na kuku zao, na sufuria zao. Zadock akaingia, akaweka begi mbele ya miguu yake. Mtumbwi ukazama mpaka maji yakawa karibu na ukingo. Bibi Florence alikuwa bado amesimama kwenye tope, kikapu kichwani.

Nilikwenda kumwuliza Ishmael ilikuwaje. Alikuwa anaziba ufa wa mtumbwi, hakuinua kichwa.

"Nilimwambia, Zadock, hilo begi ni mtu mzima. Limeshika nafasi ya mtu mzima. Chagua. Begi au bibi."

"Akasema nini?"

"Akasema begi likilowa limekufa. Bibi apande dungu, wewe utarudi kumchukua sasa hivi."

"Na wewe?"

"Mimi nilipiga kafi. Nami nilifikiri nitarudi."

Dungu ni lile jukwaa la miti tunalokaa kufukuza ndege shambani. Bibi Florence alipanda. Ishmael hakuweza kurudi. Maji yaliongezeka, yakaleta magogo, na hakuna mtumbwi ulioweza kupita. Bibi Florence akabaki juu ya dungu mpaka kesho yake. Chini yake maji yalichukua mahindi yote. Aliwasikia viboko wakipumua mahali palipokuwa shamba lake.

Asubuhi Zadock na Ishmael walimfuata. Bibi Florence alishuka polepole. Hakulia. Hakugomba. Alimtazama Zadock, akamwuliza: "Begi halijambo?"

Wasikilizaji wapendwa, tangu siku hiyo, hiyo ndiyo ikawa salamu yake. Wakikutana sokoni: "Begi halijambo?" Wakikutana kanisani, baada ya ibada: "Begi limeamkaje?" Kwenye harusi moja pale Idsowe, mbele ya watu wote, alipita na sahani ya wali akamwambia, "Zadock, begi limekula? Au nilipakulie?" Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Zadock alicheka nao.

"Hapa nyumbani hakucheka," alisema mama Lois. "Alikuwa anakaa mlangoni. Ananiambia, Lois, yule mama ananiuliza hali ya begi. Hali yangu haniulizi."

Zadock alitaka jambo moja tu. Alitaka Bibi Florence amsalimie yeye. Amwite jina lake, amwulize kama hajambo. Alikwenda kuomba msamaha, na si mara moja. Bibi Florence alimkaribisha, akampa uji, akamwambia amesamehe. Wakati wa kuaga akauliza: "Begi nalo limeshiba?"

Zadock aliomba pia kumpiga picha. Wazee wote wa Wema alikuwa amewapiga, isipokuwa huyo mmoja. Bibi Florence alikataa. Alisema, "Hilo dude lako siliamini. Likinitazama litanihesabu mzigo."

Basi siku moja Zadock alirudi nyumbani, akamwaga begi lote kitandani. Alipanga lenzi zake nne kwa mstari. Akachukua picha zake za miaka mingi, akaanza kutazama moja moja. Kila picha alijiuliza: hii niliipiga na lenzi ipi? Valary, binti yake, alikuwa anamsaidia.

Valary aliniambia: "Ile kubwa ilikuwa na picha chache sana. Nyingi za ndege. Zile picha ambazo watu wanazipenda, baba alizipiga na ile ndogo ya kuvuta. Ile nyepesi. Nilimwuliza, sasa hii kubwa unaibeba ya nini? Akaifuta vumbi. Halafu akasema, naibeba kwa ajili ya siku moja ambayo haiji."

Zadock akaamua kubaki na ile ndogo tu. Rafiki yake Nabil alikuja kutoka Kipini. Nabil ana studio kule, na anajua kazi. Alipoona zile lenzi tatu, kamera ya pili na stendi vimefungwa kwenye kanga tayari kwenda kwake, alishika kiuno.

"Ndugu yangu, fundi gani huyo anayeachana na vyombo vyake?"

"Siachani navyo. Nakukabidhi wewe."

"Na yule korongo wa katikati ya dimbwi? Utampata kwa hiki kikombe cha uji?"

"Nitasogea."

"Ukisogea ataruka!"

"Akiruka nitamtazama."

Nabil alicheka, lakini alimwambia ukweli pia, kama rafiki. Alimwambia lenzi hiyo ndogo haifiki mbali kama ile kubwa. Alimwambia inataka mwanga wa kutosha. Jua likianza kuzama, picha zinakuwa nyeusi au zinatikisika. Zadock alijua yote hayo. Alisema, "Jua likizama nitafunga kazi. Wenye mashamba nao hufunga."

Na kweli alikosa vitu. Sitaki kuwadanganya. Watu fulani waliotaka picha za ndege kwa kalenda walimrudishia kazi yake. Walisema ndege ni wadogo mno kwenye picha. Zadock alikubali. Alimwambia mama Lois, "Wana haki. Ile picha sikuipata. Lakini yule ndege nimemwona." Hata hivyo alikuwa na huzuni. Mtu anaweza kuchagua vizuri na bado akaumia.

Lakini alianza kufika mahali ambapo hakuwa amefika. Kamera moja na lenzi moja vilikaa kwenye begi la shule la Valary, lile la zamani lenye zipu iliyokufa. Alipanda bodaboda bila kumwomba mtu amshikie mzigo. Alitembea kijiji hadi kijiji. Alifika Chewele, akakaa na watu, akala nao, akawapiga picha wakichota maji. Huko nyuma Chewele aliisikia tu. Moyo ulikuwa umeanza kumsumbua, na daktari alikuwa amemkataza kubeba vizito. Na zamani za lile begi kubwa, hata bila daktari, mgongo ulikuwa unamkataza.

Halafu siku ilifika akaenda Wema.

Bibi Florence alikuwa kando ya mto anaosha mihogo. Ishmael alikuwa pale pale na mtumbwi wake. Haya ninayoyasema nimeyapata kwa wote wawili, na maneno yao yanafanana.

Bibi Florence alimwona, akakohoa, akaanza: "Begi hali..." Akasimama. Akatazama mgongoni mwa Zadock. "Liko wapi?"

"Hili hapa."

"Hili la mtoto wa shule?"

"Ndilo. Lile jingine sina tena."

Bibi Florence alifuta mikono kwenye leso yake. Akanyoosha mkono. "Lete nishike."

Zadock alimpa kamera pamoja na lenzi yake. Bibi Florence aliipima mkononi kama anavyopima samaki, juu, chini. Akaigeuza. Akasema, "Hii sawa. Hii naweza kukaa nayo mtumbwini."

Zadock akadhani sasa atakubali kupigwa picha. Akaanza kurudi nyuma kama kawaida yake, akinyoosha mkono arudishiwe kamera. Bibi Florence akamwambia, "Unakwenda wapi? Mimi sijasema unipige. Nionyeshe pa kubonyeza."

"Bibi?"

"Nimeshika jembe tangu utoto, nitashindwa na hiki?"

Zadock alimwonyesha. Hapa unabonyeza. Hapa unazungusha, cha mbali kinakuja. Bibi Florence aliweka jicho, akazungusha, akaruka kidogo. Aliona ng'ambo. Aliona shamba lake lile, na dungu jipya lililojengwa mahali pa lile la zamani.

Akashusha kamera. Akasema, "Vuka. Kasimame pale uliponiacha."

Ishmael anasema hakuna aliyecheka. Zadock alivua viatu, akaingia mtumbwini peke yake. Ishmael akamvusha, akamshusha, akarudi na mtumbwi mtupu. Zadock akasimama ng'ambo, kwenye tope, mikono imening'inia. Bila begi, bila kamera, bila kitu. Mto mzima ulikuwa katikati yao.

Bibi Florence alivuta lenzi mpaka mwisho wake. Mikono yake ni ya mtu mzima, inatetemeka, lakini ile lenzi ni nyepesi. Aliibana kifuani akashusha pumzi. Akabonyeza.

Halafu akamgeukia Ishmael. "Sasa nenda kamlete. Nenda upesi, usimwache."

Zadock alipofika upande huu, uso wake ulikuwa umelowa, na mvua haikuwepo. Bibi Florence alimrudishia kamera yake. Akamwambia: "Zadock, hujambo?"

"Sijambo, Bibi."

"Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo."

Ndipo akakaa kwenye gogo, akaweka leso yake sawa, akasema, "Haya. Nipige sasa."

Picha ya Bibi Florence iko ukutani kwake hadi leo. Ameshika muhogo kama mtu aliyeshika kikombe cha ushindi.

Wasikilizaji wapendwa, Zadock alipofariki, familia ilitafuta picha yake ya kuweka juu ya jeneza. Walitafuta kila mahali. Mtu aliyepiga picha za nusu ya wilaya alikuwa na picha za kitambulisho tu. Mwishowe Valary alifungua kamera ya baba yake. Akaikuta ile. Imepinda kidogo. Pembeni kuna kivuli, nadhani ni kidole cha Bibi. Katikati amesimama Zadock, miguu kwenye tope, mikono mitupu, anatazama huku kwetu. Uso unaonekana wazi kabisa. Lenzi ndogo ilimfikia.

Hiyo ndiyo picha mtakayoiona Jumamosi.

Jana nilikwenda Wema. Bibi Florence alikuwa anazungumza na Ishmael kuhusu mazishi, kwa sababu jeneza litavushwa kwa mtumbwi. Vijana walitaka kupakia viti na maturubai na sufuria katika safari ya kwanza, ili kuokoa muda. Bibi Florence aliwakatalia. Alipiga fimbo chini.

"Safari ya kwanza ni ya Zadock," alisema. "Yeye, na mimi nimeshika jeneza. Vitu vitafuata."

Ishmael akamwambia, "Bibi, nafasi itabaki."

"Acha ibaki."

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya wenzangu hapa redioni nawapa pole mama Lois, Valary, na ukoo wote wa Hajila. Pole Nabil kule Kipini. Pole Bibi Florence. Pole Ishmael. Mungu ampumzishe Zadock mahali pema.

Na sisi tuliobaki, tukifunga mizigo yetu kesho asubuhi, ya shambani, ya sokoni, ya safari, tuifungue tena kidogo. Tutazame kuna nini ndani tunachobeba kwa ajili ya siku ambayo haiji. Tutazame pia ni nani amesimama ukingoni, anasubiri tumwambie aingie.

Mazishi ni Jumamosi, Wema, ng'ambo. Ukifika kando ya mto ukaona mtumbwi umebeba jeneza moja na bibi mmoja, na nafasi iko wazi, usiite. Simama tu mpaka mtumbwi uvuke.