Kikwembe Ndani ya Chumba cha Kidonda

Bamama, asante kwa kunipa nafasi ya kusema mu mukutano yetu. Sikukuja kulia. Nimekuja na hasira, mutanivumilia.

Sisi wa mutaa ya Mabanga, munajua nyumba zetu: jiko iko mu mulango. Maji ya moto ya bugali ilimumwangikia binti yangu mudogo ku muguu. Ku hospitali bakasema kidonda ioshwe vizuri kila mara, bila vile itaoza na muguu itajikunja. Nikaitika. Kumbe sikujua namna banaosha.

"Mama, toka inje." Njo desturi yao. Banaume babili banamukandamiza mutoto ku meza, mulango inafungwa. Eti mama akikuwa ndani, mutoto anazidi kulia. Nani aliwaambia? Ndugu zangu, nawaambia, mutoto anakuita nyuma ya mulango na wewe umekaa ku banki ya mbao inje kama mugeni! Alipiga mateke mpaka kidonda ikatoka damu, bakanirudishia yeye, kidonda haijaoshwa hata nusu. Nyumbani, nikigusa tu kikwembe, kitambaa ya kumubeba mu mugongo, anajua tunarudi hospitali, anaingia chini ya kitanda. Kidonda ikaanza kunuka. Niliogopa sana.

Siku ile nikachoka. Nikamufunga mu mugongo, nikaingia naye.

Muganga akasema, "Mama, muweke ku meza."

"Hapana, papa. Muguu njo hii. Osha."

"Na akipiga mateke?"

"Atapiga mimi."

Muganga akanung'unika, akavuta kiti nyuma yangu, akakamata muguu. Nikaanza kumutikisa vile tunatikisaka batoto kwa kuwalalisha, nikimuimbia wimbo ya ng'ombe ya nyanya yake wa Masisi. Sikumudanganya: "Sasa maji inakuja. Sasa kitambaa." Alilia, ndiyo. Akaniuma ku bega. Lakini muguu ikatulia, kidonda ikaoshwa yote.

Muganga akasema, "Mama, ukirudi, ukuje tena na kikwembe."

Jameni! Kikwembe nilikuwa nayo tangu siku ya kwanza! Mateso ile yote ilikuwa ya nini?

Namushukuru muganga ule, alikubali. Nawashukuru ninyi, mulinipikia siku zile za hospitali. Binti yangu anatembea, njo ule anawasumbua pale nyuma. Lakini sasa hivi kuna mutoto mwingine ku meza ile, na mama yake amekaa inje. Musinipigie makofi. Muende mumuambie aingie.