Wimbo wa Kamba Ulikotoka

Asubuhi ile benchi letu la pembeni mwa duka la simu lilifurika, maana jana yake jioni mtaa mzima ulikwenda ukumbini kumsikiliza profesa wa chuo kikuu akizungumzia urithi wetu, na nani hasa ni mtu wa mtaa huu. Mtaa mzima, isipokuwa Jaji. Jaji si jaji. Alikuwa tarishi wa mahakama, akastaafu na sauti ya hukumu. Ndiye mwenyekiti wa kamati yetu ya urithi, na majuzi alimkatalia Mgeni, fundi cherehani, kuingia kwenye kamati kwa kuwa hakuzaliwa hapa. Mama Birika, muuza kahawa wetu, alimmiminia Jaji kikombe, akakaa kando, macho yanacheka.

— Haya, huyo profesa wenu kasema nini? Jaji aliuliza.

— Kautafiti wimbo wa kamba, alidakia Redio, ambaye akiwaka hazimiki. Ule wa watoto wakiruka kamba: “Kamba yazunguka, mlango u wazi, aliye nje naye aingie.” Kasema hauimbwi mtaa mwingine wowote.

— Si nilisema! Huo ni wa babu yangu. Aliwaimbia wanaume wakivuta magogo.

— Magogo wapi? Profesa kawauliza bibi zetu wote. Hakuna hata mmoja aliyeuimba utotoni.

— Kwa sababu ulikuwa wa siri! Wa vita! Mlango ni wa ngome ya adui. “Aliye nje aingie,” jeshi hilo likaingia.

— Na kamba?

— Ya kufungia mateka. Mwenda pole hajikwai.

— Hapo pole imeingiaje? nikamuuliza.

— Methali haihojiwi, inasikilizwa. Tena mvua ikigoma, babu aliuimba mara moja tu, mawingu yakaja mbio kama yameitwa mahakamani.

Mama Birika akaweka birika chini.

— Jaji, ngoja nikueleze mimi, maana nilikuwepo. Nilikuwa darasa la tatu Mgeni alipohamia. Mkewe kafariki, ana binti mmoja tu. Tulikuwa hatuchezi naye. Mama zetu walisema, hao hatujui watokako. Basi mtoto anafunga kamba kwenye nguzo, anaizungusha peke yake kutwa. Baba mtu anamtazama dirishani, kazi haiendi. Ndipo akamtungia wimbo usioweza kuuimba peke yako. Kila ukiisha, lazima uite jina la mwingine. Siku ya kwanza, yule mtoto aliita langu.

— Ukaenda?

— Nilitupa ndoo ya maji nikaenda! Nilichapwa jioni, na kesho yake nikaenda tena na dada zangu wote.

Jaji alikizungusha kikombe mkononi.

— Profesa alijuaje?

— Aliuliza kila mtu, wewe ulifundishwa na nani? Huyu akamtaja yule, yule akamtaja mwingine, mwisho wote tukaishia kwa mtoto yule yule. Sasa ni muuguzi. Jana alikaa mstari wa mbele na baba yake.

— Profesa kasema urithi si lazima uwe wa kale, Redio alidakia tena. Ni kile watu walichokubali kurithishana. Kisha akamwita Mgeni mbele. Mzee wa watu anajikunyata, tepu ya kupimia bado iko shingoni! Bwana wee, ukumbi ulisimama! Bibi, mafundi, watoto, wote tunaimba, na jina tunaloita ni lake, Mgeni! Akalia, binti akalia, mimi nikalia kuliko wafiwa.

— Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, Jaji alinong'ona.

— Leo ndiyo mara ya kwanza methali yako imekaa mahali pake, alisema Mama Birika.

Jaji akasimama, akakohoa kama mtu anayetangaza kesi.

— Kamati inakaa hapa hapa. Nilikosea, na hukumu imebatilishwa. Nani anapinga fundi aingie?

Hata inzi hakulia.

— Basi ameingia. Na si mjumbe. Kiti cha mwenyekiti nampisha.

Tukapiga makofi mpaka wenye duka la simu wakatoka nje kuangalia. Redio alimkumbatia Jaji, kahawa ikawamwagikia wote wawili, na hakuna aliyejali. Hapo ndipo kijana aliyepanga chumba nyuma ya duka juzi tu, aliyekuwa akinywa kahawa yake kimya, akainua mkono.

— Samahani, wazee wangu. Huyo mnayemwita Mgeni, jina lake hasa nani?

Jaji akamtazama Redio. Redio akamtazama Mama Birika.

— Sisi... tulimwita kwa jina la mwanawe, alisema Mama Birika. Au Mgeni.

Miaka yote ile amenishonea suruali za shule, ya harusi, na za wanangu. Jina lake sikuwahi kumuuliza.

— Inukeni, alisema Jaji. Mwenyekiti hawezi kukosa jina.

Kahawa tukaiacha inapoa. Tukavuka barabara kwenda kwa fundi, wazee kwa vijana, Jaji mbele ameinua mkono, na magari yakasimama kutupisha.