Bosi wa Kibanda cha Baiskeli

Ndugu zangu waombolezaji, aliyepangiwa kusoma historia hii ni kaka yangu mkubwa, naye alikuja na mistari mitatu tu, alizaliwa, akaugua, akafariki, akisema mtoto hana historia ndefu, nami nikamwambia hapana, kaka, hatua zote tutazipitia, na nyinyi mnivumilie nikisoma huku natembeatembea, maana kukaa kumenishinda tangu Jumanne.

Marehemu binti yangu, ambaye nyote mlimwita Bosi, alizaliwa tarehe 14 Juni 2017, saa moja asubuhi, katika hospitali ileile alikofia, akiwa mtoto wetu wa kwanza na wa pekee.

Alianza darasa la awali Januari 2023 katika shule ya hapa mtaani, akafika darasa la pili, hesabu alikuwa anaziweza, kunyamaza ndiko kulikomshinda, mdomo hauna breki, mwalimu wake yule pale anacheka, cheka tu mwalimu, ni kweli.

Kuhusu kazi, nilimwajiri akiwa na miaka minne katika kibanda changu cha kutengeneza baiskeli, kazi yake kunipa spana, na jioni kuzikusanya zote kwenye kopo, ila nikimwomba namba kumi alinipa kumi na mbili, kila siku ya Mungu, nami naipokea, nasema asante Bosi, kisha naichukua ya kumi kwa siri, asije akajua.

Kaka, niachie karatasi, nitamaliza.

Kuhusu ndoa, aliwatangazia shangazi zake kwamba haolewi ng'o, na kuhusu watoto, ameacha mwanasesere mmoja asiye na mkono, yupo mapajani mwa mama yake hivi sasa.

Aliugua Jumamosi tarehe 1 Machi 2025, homa ya uti wa mgongo, akafariki Jumanne tarehe 4, saa nne asubuhi, akiwa na miaka saba, miezi minane na siku kumi na nane. Jana nimeifungua na kuifunga baiskeli ya jirani mara tatu, baiskeli nzima kabisa, na kila nikinyoosha mkono nyuma kuomba spana mkono unarudi mtupu, jamani, hata ile isiyo yenyewe siipati.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika naye siku tatu, majirani mliotupikia tukashindwa kula, na wafanyakazi wenzake, ambao ni mimi.

Bosi, mimi kutulia bado, pumzika wewe kwanza, mwanangu, kwa amani, spana za leo nitazikusanya mwenyewe.